Kutembea Angani Bila Kupiga Risasi: Uhakiki wa Mchezo wa No Man's Sky

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa zake uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunaomba ridhaa yao tuhakiki kitu ambacho wengine hawatakubali kukiita fasihi hata kidogo, yaani mchezo wa kompyuta. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu wanaicheza michezo hii, na mwalimu asiyejua mwanafunzi wake anasoma nini, anasikiliza nini na anacheza nini, hufundisha kwa kubahatisha. Ya pili ndiyo hasa iliyotusukuma kuandika. Ndani ya mchezo huu mna lugha za kubuni ambazo mchezaji hujifunza neno kwa neno, na tulibaini kwamba lugha hizo huwa na uzito pale tu mchezaji anapokubali kuweka silaha chini.

Tuliucheza Nyundo, wilayani Rubavu, si mbali na mji wa Gisenyi, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa walimu wawili na wanafunzi sita, wote wa Kiswahili, na kompyuta mpakato moja iliyopokezanwa jioni baada ya kuandaa masomo. (Wenzetu wa Kenya watatuwia radhi kwa kutosema tarakilishi. Mjadala huo umeshachosha kurasa za kutosha.) Tulijiwekea sharti moja tu: hakuna kupiga risasi. Ambaye kidole chake kingeteleza alipaswa kumpisha mwenzake kiti.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. No Man's Sky ulitolewa Agosti 2016 na kampuni ndogo ya Hello Games ya Guildford, Uingereza, chini ya uongozi wa Sean Murray. Mchezaji huamka katika sayari asiyoijua, kando ya chombo cha anga kilichoharibika. Hukusanya madini, hukitengeneza chombo, huruka, na tangu hapo yuko huru kwenda atakako. Sayari zilizomo zinafikia 18,446,744,073,709,551,616, yaani mbili kwa kipeo cha 64. Hakuna msanii aliyezichora moja moja. Kanuni za hisabati ndizo zinazofinyanga milima, hewa, majani na wanyama kila mchezaji anapokaribia. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza mwaka mzima asikutane na sayari aliyowahi kuiona mtu mwingine. Baadhi ya wahakiki walilalamika mwaka 2016 kwamba wingi huo ni mtupu, na kwa namna mchezo ulivyokuwa wakati ule walikuwa na haki. Umeongezewa mengi tangu wakati huo bila malipo, na tunaouhakiki hapa ni mchezo kama ulivyo baada ya nyongeza hizo.

Michezo ya safari za angani ilizaliwa na bunduki mkononi. Mzee wao, Elite, uliotungwa na David Braben na Ian Bell mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, ulimruhusu mchezaji kununua na kuuza bidhaa kutoka nyota hadi nyota, lakini daraja lake lilipimwa kwa idadi ya vyombo alivyovilipua. Daraja la chini kabisa lilikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri “Asiye na Madhara”. Tunawaomba walimu wa semantiki walitafakari hilo. Kwetu, kusema jirani yako ni mtu asiye na madhara ni karibu na kumsifu, lakini katika Elite ni kumwambia kwamba hajaanza kuishi. Mfanyabiashara aliyepita salama katika galaksi zote nane alibaki na cheo kilekile cha siku ya kwanza. Ilichukua miaka thelathini, hadi Elite Dangerous ya mwaka 2014, kwa mfululizo huo kumpa mvumbuzi na mfanyabiashara ngazi zao wenyewe za kupanda.

No Man's Sky ni mpole zaidi, lakini usidanganyike. Kifaa anachokishika mchezaji, ambacho huchimba mawe na kupima mimea, hukubali pia kufungwa mitambo ya kuua. Maharamia huvamia chombo chenye mzigo wa thamani. Sayari nyingi zina Walinzi, mashine zinazoelea hewani, ambazo humshambulia mtu anayechimba au kuua wanyama mbele ya macho yao. Mchezo pia humlipa mpiganaji vizuri kuliko mwenzake. Mfano mmoja unatosha. Baada ya safari kadhaa kati ya nyota, mchezaji hukutana na meli kubwa ya mizigo inayoshambuliwa na maharamia. Akiiokoa kwa risasi, nahodha humpa meli yote bure. Asiyepigana hana budi kuinunua kwa fedha nyingi alizozichanga kwa kupima wadudu na kuuza madini. Sisi tulimaliza muda wetu Nyundo bila kuipata.

Tangu mwaka 2022 mchezo humruhusu mtu kurekebisha ugumu wake, hata kuwatuliza maadui kabisa. Wanafunzi wawili walipendekeza tufanye hivyo, tukakataa. Amani ambayo umewashiwa kama taa haikudai chochote kutoka kwako. Tulitaka hatari iwepo na sisi tusiijibu kwa risasi. Uamuzi huo tunausimamia hadi leo, ingawa ulitugharimu mizigo mingi.

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya kukimbia. Tulijifunza kwamba Mlinzi ukimwona anakugeukia, unaacha kuchimba, unajificha, na baada ya muda hasira yake hupoa. Tulijifunza kwamba haramia hakufuati ndani ya kituo cha angani, kwa hiyo kabla ya kubeba mzigo unatazama kwanza kituo kiko wapi. Tulijifunza kutobeba mzigo mkubwa. Mambo haya ni madogo, lakini yalibadilisha kabisa namna tulivyotazama skrini. Mchezaji mwenye bunduki hutazama katikati ya skrini, kwenye shabaha. Sisi tulitazama pembeni: mapango, mawingu, njia ya kurudi. Na baada ya kuwakimbia wote wasiotaka maneno, tulibaki na wale wanaozungumza.

Hapa ndipo penye utajiri. Katika vituo na majengo ya sayari wamo viumbe wa jamii tatu kubwa: Gek, ambao ni wafanyabiashara, Korvax, ambao ni viumbe wa umeme wanaotafuta elimu, na Vy'keen, ambao ni mashujaa wa vita. Kila jamii ina lugha yake. Mwanzoni huelewi chochote. Kiumbe anasema sentensi nzima na skrini inakuandikia maneno yake kama yalivyo, pamoja na maelezo mafupi ya ishara zake: ananyoosha mkono, ananusa, anarudi nyuma. Kisha unatakiwa uchague jibu. Maneno unayapata moja moja, ama kwa kugusa mawe ya maarifa yaliyosimama nyikani, ama kwa kumwomba kiumbe akufundishe. Kila neno unalolijua huanza kuonekana limefasiriwa katikati ya maneno usiyoyajua, na polepole sentensi hufunguka.

Jioni moja Gek alitusemesha kwa sentensi ndefu ambayo ndani yake tulijua maneno mawili tu, moja la biashara na jingine la adui. Wanafunzi walibishana kwa robo saa. Je, alikuwa akitutaka tufanye biashara dhidi ya adui wake, au alikuwa akisema kwamba sisi ndio adui wa biashara yake? Mmoja alisema tuangalie mikono yake. Mwingine, ambaye mama yake aliwahi kuuza vitunguu Goma, alisema kwamba ndivyo mama alivyoanza: neno la kitunguu, neno la bei, halafu uso wa mnunuzi. Tulichagua jibu kwa kufuata ishara, tukapewa zawadi ndogo, na chumba kizima kikashangilia. Mwalimu wa lugha ya pili anajua jinsi ilivyo vigumu kuliamsha darasa namna ile kwa maneno mawili.

Kwa mchezaji mwenye silaha, maneno hayo ni mapambo. Anaweza kupita maelfu ya nyota bila kujua hata jinsi Korvax wanavyosalimiana, kwa sababu akikosea jibu hapotezi kitu asichoweza kukipata kwa njia nyingine. Kwetu neno lilikuwa njia ya kupata chakula na mafuta ya chombo. Tunazungumza sana katika semina zetu juu ya motisha ya mwanafunzi, tunaandika vitabu vyenye picha za rangi, na kumbe motisha kubwa kuliko zote ni kumhitaji mtu asiyejua lugha yako. Watu wa hapa hawahitaji kuambiwa. Kandokando ya Kivu na chini ya Nyiragongo kuna hewa nzito ya kaboni inayotuama kwenye mabonde madogo na kuua mbuzi, na wakati mwingine watu. Waswahili wa Goma waliiita mazuku. Wanasayansi wa volkeno wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kama lilivyo na kulitia katika maandishi yao. Mgeni anayefika kule hulijifunza siku ya kwanza, wala halisahau.

Tukishausifu mchezo kwa hilo, hatuna budi kusema pia pale ulipopungukiwa, na umepungukiwa sana. Lugha zake si lugha. Ukicheza kwa Kiingereza, sentensi ya Gek ni sentensi ya Kiingereza iliyobadilishwa maneno, moja kwa moja, kwa mpangilio uleule. Hakuna sarufi ya kujifunza. Hakuna viambishi, hakuna upatanisho, hakuna kauli za vitenzi. Kwa mtunzi wa mchezo, kujua lugha ni kuwa na orodha ndefu ya maneno. Kwa bahati mbaya, baadhi ya vitabu vyetu vya kiada vinasema jambo hilohilo kwa njia nyingine, na mwanafunzi anayefika chuoni akiwa amekariri msamiati wa sokoni, wa hospitali na wa shambani ndiye ushahidi.

Chukua kitenzi “piga”. Mgeni anayelijua neno hilo peke yake, akitaka kumwahidi mwenyeji wake simu ya kesho, atamwambia “nitakupiga kesho” badala ya “nitakupigia kesho”. Irabu moja ya kauli ya kutendea ndiyo inayotenganisha simu na ngumi. Walimu wote wanaosoma makala hii wamewahi kusahihisha kosa hilo na kucheka. Katika mchezo usio na vita, kosa kama hilo lingepaswa kuwa jambo kubwa kuliko yote. Fikiria Vy'keen mmoja, shujaa mwenye meno makali, anayesikia kitenzi sahihi chenye kauli isiyo sahihi. Mchezo hauwezi kutuletea tukio hilo kwa sababu haujui kwamba vitenzi vinanyambulishwa.

Heshima nayo haimo. Unamwendea kiumbe yeyote, mzee au kijana, unamwomba neno, anakupa au anakunyima. Katika soko la mpakani kati ya Gisenyi na Goma mtu haanzi na bei. Anaanza na “jambo mama”, na habari za nyumbani, kisha ndipo mkono unagusa nyanya. Tena kuna jambo lililotusumbua zaidi ya hilo. Katika majuma yote tuliyocheza, hakuna hata kiumbe mmoja aliyetuuliza sisi kitu fulani tunakiitaje. Maneno yalikuja upande wetu tu. Tuliyaokota kwenye mawe kama tulivyookota madini, mchezo ukayahesabu kama unavyohesabu madini, na wenye lugha hawakupata chochote kutoka kwetu. Tulikuwa tumeacha bunduki chomboni, na bado tulikuwa tukirudi kila siku na nyara.

Huenda msomaji akaona tunautwika mchezo mzigo usio wake. Ukweli ni kwamba suala la lugha na silaha si la kuchezea katika eneo letu. Nchini Uganda Kiswahili kilichukiwa na wengi kwa sababu walikisikia kwanza kwa askari. Nchini Rwanda nako kwa muda mrefu kilionekana kuwa lugha ya kambi, ya wafanyabiashara na ya Waislamu wa mijini, si lugha ambayo mzazi wa mlimani angetaka mtoto wake aisome. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 bunge lake likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria inaweza kupitishwa kwa siku moja, lakini sauti ambayo lugha inayo masikioni mwa watu haibadiliki haraka hivyo. Mwanafunzi wetu mmoja alituambia kwamba nyanya yake, akisikia Kiswahili barabarani usiku, huzima taa. Mtu huyo atafundishwaje kwamba hii ni lugha ya mashairi? Ndiyo maana tulishangilia kuona mchezo ambamo lugha inasonga mbele pale bunduki inaponyamaza, na ndiyo maana tulikasirika zaidi kuliko ilivyostahili tulipoona lugha hiyo ni orodha ya kuokota.

Neno lililotuletea ubishi mkubwa kuliko yote halikuwa la Gek bali la Kiswahili, nalo ni “kugundua”. Kila unapotua katika sayari ambayo hakuna mchezaji mwenzako aliyeifikia, mchezo hukutangaza wewe kuwa mgunduzi wake na hukuruhusu kuipa jina. Mara nyingi, hatua mia mbili kutoka ulipotua, kuna jengo, na ndani ya jengo kuna Korvax aliyekaa kazini kwake. Umegundua nini? Wanafunzi walikataa kutumia kitenzi hicho. Walipendekeza “kufika”, na mmoja, kwa utani, “kubisha hodi”. Hawakuhitaji kuambiwa walikotoa ukali huo. Gustav Adolf von Götzen, afisa wa Kijerumani, alitoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na msafara mkubwa wenye silaha, akaingia Rwanda mwaka 1894, akakutana na mwami Kigeli Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kufika Kivu, na ramani za Ulaya zikamwandika kama mgunduzi wa mambo ambayo watu walikuwa wakiyavulia samaki na kuyalimia. Huyohuyo kati ya mwaka 1901 na 1906 alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni wakati wa utawala wake vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa. Mgunduzi alitangulia, gavana akafuata, na alikuwa mtu mmoja.

Basi tulizipa sayari majina, lakini kwa sharti kwamba jina lisiwe la mtu yeyote kati yetu. Kuna sayari yenye milima mikali inayoitwa Nyundo, jina ambalo Mswahili na Mnyarwanda wanalielewa bila mkalimani. Kuna Kivu Kavu, isiyo na tone la maji. Kuna Hodi. Kiswahili hakikutupungukia. Lugha iliyo na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali tangu zamani, na ambayo jina lake moja, Uhuru, lilibebwa na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, haina sababu ya kuona haya angani. Mchezo wenyewe unapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo.

Turudi kwa Walinzi, maana hapa walimu wa sarufi watapata la kutafuna. Mashine hizo zipatanishwe vipi? “Mashine zinakuja” au “Walinzi wanakuja”? Tulianza kuwasikiliza wanafunzi bila kuwaambia. Mashine zilipokuwa zikielea mbali, wengi walisema “zile zinazunguka”. Zilipogeuka na kuwasha taa nyekundu, kauli ikawa “wanatuona, wanakuja!” Hofu iliwahamisha ngeli. Sarufi za shule husema kwamba viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine, kama kifaru na kiboko, na hadithi zetu hulipa jiwe au ua upatanisho huohuo pindi linapoanza kunena. Lakini Mlinzi hakunena, alitazama tu. Mwanafunzi mmoja alishikilia “zinakuja” hata alipokuwa akikimbizwa, na alipoulizwa alisema kwamba akishaanza kusema “wanakuja” atashindwa kuelewa kwa nini wengine wanaona ni sawa kuwalipua. Hatukuwa na jibu la haraka.

Wala si wazi kwamba Walinzi ndio waovu. Mchezo unawaonyesha kama maadui, lakini ukiyatazama matendo yao, kazi yao ni kumzuia mtu kuchimba kupita kiasi na kuua wanyama. Hapa sisi wapenda amani tulijikuta uchi. Sharti letu lilisema tusipige risasi, halikusema tusikate miti. Kaboni tuliyoihitaji kwa vifaa vyetu tuliipata kwa kuyeyusha mimea, na kuna mabonde tuliyoyaacha meupe bila kufyatua hata risasi moja. Mwanafunzi wa kwanza kulisema hilo alikuwa mwenyeji wa Nyundo, na alilisema kwa kutaja mto. Sebeya hushuka kutoka milima ya Gishwati, ambako msitu ulikatwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki takriban hekta 600 tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto huo ulifurika, na Nyundo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Mvua za usiku ule ziliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Hakuna aliyepigana na mtu pale Gishwati. Walikuwa wakilisha ng'ombe, wakilima, wakichoma makaa. Kwa hiyo tuliongeza sharti la pili katikati ya mchezo, kwamba mmea unaoweza kuchumwa uchumwe, usiyeyushwe. Mwendo wetu ukawa wa kobe. Wawili kati ya wanafunzi sita waliacha kucheza, na hatuwalaumu.

Ipo michezo mingine ya angani isiyo na vita, na kwa mwalimu wa lugha ni vyema kuijua japo kwa ufupi. Outer Wilds, ya mwaka 2019, haina silaha kabisa. Humo unasoma maandishi ya watu waliotoweka, yaliyoandikwa kwa mizunguko, jibu la mtu likichipuka kutoka katika kauli ya mwenzake kama tawi, na ni mchezo unaojua mazungumzo ni nini. Udhaifu wake ni kwamba kifaa cha kutafsiri kinafanya kazi yote, nawe hujifunzi neno. Heaven's Vault, nayo ya mwaka 2019, iliyotungwa na kampuni ya inkle ya Cambridge, ndiyo tungeipendekeza kwa darasa la mofolojia. Mwanaakiolojia Aliya Elasra husafiri kati ya miezi akisoma maandishi ya kale ambayo maneno yake yamejengwa kwa vipande vyenye maana, na mchezaji hukisia, hukosea, na hubaki na kosa lake mpaka ushahidi mwingine umsahihishe. Mwanafunzi aliyezoea kukichambua kitenzi kama “tutakapowatembelea” atajiona yuko nyumbani. Lakini anga yake ni ndogo na hadithi yake imepangwa, na hutaipata ile hali ya No Man's Sky ya kusimama usiku katika sayari ambayo hakuna aliyekungoja.

Kwa wanaotaka kuujaribu mchezo huu na wanafunzi, tunashauri mambo machache tuliyoyaona kazini. Uchezwe na watu wengi kwa kompyuta moja, kwa sababu ubishi ndio somo lenyewe. Hauhitaji intaneti ukishawekwa. Mazungumzo yote mbele ya skrini yawe kwa Kiswahili, na kila jioni mtu mmoja aandike kumbukumbu za safari katika daftari, aya mbili zinatosha. Daftari letu lina kurasa arobaini na moja na limetupa insha bora kuliko mada yoyote ya mtihani tuliyowahi kuitunga. Kila neno la Gek linalopatikana, wanafunzi walitungie sentensi tatu za Kiswahili zenye kauli tofauti za kitenzi, ili orodha ya mchezo igeuzwe kuwa sarufi. Na bunduki ibaki chomboni, hata pale meli ya bure inapopita.

Suala la upatanisho wa Walinzi tumeliacha wazi. Wenzetu wanaofundisha mofosintaksia, na hasa walio karibu na wasemaji wa Goma na Bukavu, wakisikia watoto wakizungumzia roboti, tafadhali waandike walichosikia pamoja na mazingira yake: roboti ilikuwa imetulia au ilikuwa inamkimbiza mtu. Tutayachapisha majibu katika toleo lijalo.